Kurudi Kuwili kwa Mama Mwalimu

Kuna watu mjini hapa, wa saluni, wa maduka ya simu, na wa kanisani pia, wanaosema kwamba mimi ndiye niliyemzuia Mama Mwalimu asirudi kwao Lubumbashi, hata akafia ugenini. Wanayasema nikishapita. Mimi sisemwi mgongoni nikanyamaza. Mgongo wangu ni mpana lakini mdomo ni mpana zaidi. Basi nasema mbele ya kila mtu: ni kweli, gari liligeuka, na usukani ulikuwa mikononi mwangu. Ingekuwa leo ningegeuza tena, tena kwa kasi. Mtoto wa dada yake, ambaye yuko Canada sasa, hanilaumu. Wanaonilaumu ni wale ambao hawakuwahi kuvua viatu mlangoni pake. Na hilo neno "ugenini" silikubali. Ili mjue kwa nini, kwanza mumjue mwenyewe.

Mimi mnanijua. Niliacha shule darasa la tatu kule Uvira. Nilifika Durban na viatu vya mtu mwingine mguuni, nikalinda magari ya watu ufukweni, nikayaosha, nikajifunza kuyafungua, na leo nina yadi yangu Pinetown ambamo injini za Japani zimepangwa kama kreti za soda. Hakuna aliyenishika mkono. Kiingereza changu kinatosha kugombana, Kizulu kinatosha kununua, Kifaransa kinatosha kusali kanisani. Lakini Kijapani! Nikikisema kwenye simu pale yadini, wateja wanaacha kuangalia gia wananiangalia mimi. Yule mzee wa Japani anayenikatia magari nusu na kuyapakia kwenye kontena hasemi na dalali. Anasema na mimi, mdomo kwa sikio. Nitajieni mwingine wa darasa la tatu anayefanya hivyo. Sasa, aliyenifikisha hapo ni yule mama, na hakunifikisha kwa kunibembeleza.

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye flati yake, Berea, nimevaa suti ya kijivu. Nilibisha, akafungua, wala suti hakuiona. Aliangalia chini.

"Viatu."

"Mama, sikai sana. Nilikuja tu kuuliza kama—"

"Kama haukai, uliza kwa barabara. Hapa hatusemi na mtu iko na viatu."

Nikavua. Akavigeuza kwa ncha ya mwavuli wake mpaka vikatazama mlango. Hiyo ndiyo desturi aliyoichukua kwa Wajapani: kiatu cha mgeni hutazama nje, ili akiondoka atumbukize mguu na kwenda zake bila kujizungusha. "Mgeni, njia yake inamungojea," alisema. Ndala zake tu, zile za kushukia dukani, zilizoliwa kisigino upande mmoja, ndizo zilizotazama ndani. Nimeingia mle Jumamosi nyingi kupita nywele nilizobaki nazo, na kila Jumamosi mwavuli ulitoka ukavigeuza viatu vyangu. Za kwake hazikuguswa.

Kijapani alikipata kazini. Wajapani walipokuwa wakichimba shaba upande ule wa Lubumbashi, yeye alikuwa mkalimani wao, msichana mwenye kofia ya chuma na mkoba wa ngozi, akisimama katikati ya mainjinia na wachimbaji. Aliniambia kwamba siku nyingine injinia husema kitu kidogo tu, na ukikitafsiri kwa neno la jirani, mtu anashuka kwenye shimo ambalo hakupaswa kushuka. Nadhani hapo ndipo alipopata ile chuki yake kwa watu wanaochagua kitenzi kwa kubahatisha. "Unachukua kitenzi kama taxi ya mjini," alinifokea kwa lile jina langu la mjini, Patron, "yoyote inayopita, unapanda. Eh, Patron? Na ikikupeleka Umlazi wewe ulikuwa unaenda Pinetown?"

Japani kwenyewe hakufika. Pasipoti ilikuwa tayari, Wajapani wakafunga mgodi wakaondoka. Siku moja nilimchokoza.

"Mama Mwalimu, unafundishaje lugha ya kwenye hujafika?"

"Pasta yako amefika mbinguni?"

Nikafungua daftari. Nawaambia, si watu wengi walioninyamazisha mimi.

Sasa, Kijapani, kwa asiyekijua, kina ugonjwa mmoja: kwa jambo moja la kwetu, wao wana vitenzi vitatu, vinne, na kila kimoja kina wivu na mwenzake. Chukua kuvaa. Sisi tunavaa tu, kofia tunavaa, shati tunavaa, soksi tunavaa. Wao hapana. Shati unalivaa kwa kiru, suruali na viatu kwa haku, kofia kwa kaburu. Alinivalisha na kunivua pale sebuleni kama mtoto wa ubatizo, mtu mzima na tumbo langu, nikitaja kitenzi kwa kila nguo, na nikikosea nguo inatoka. Kuna Jumamosi nilibaki na kofia na soksi na suruali tu, wanafunzi wenzangu wanacheka mpaka wanalala kwenye zulia. Lakini sijakosea tena. Muulizeni yeyote.

"Katika maneno hakuna mapacha," alikuwa akisema. "Iko ndugu tu. Na kila ndugu ana mke wake na nyumba yake. Usiingie nyumba ya ndugu ukasema mulifanana."

Lakini somo lililonilipa ni la sahani. Kontena langu moja lilifika bandarini limefanya vita humo ndani. Nikamwandikia mzee wa Japani ujumbe mkali, na kwa kila kitu nikatumia kitenzi kimoja nilichokuwa nacho, kowareru: taa imeharibika, viti vimeharibika, fimbo ya gia imeharibika, kompyuta ya injini imeharibika. Kabla sijautuma nikampelekea Mama Mwalimu nikitarajia sifa. Aliusoma, akainuka, akaingia jikoni. Akarudi na sahani. Akaiachia.

Paa! Vipande mpaka chini ya kochi.

"Hii imefanya nini?"

"Imevunjika, mama. Umeivunja."

"Imepasuka. Wareru." Akanipa mwiko wake wa bukari, yaani ugali. "Vunja."

"Mama, mwiko wako?"

"Vunja, wewe mwenye misuli. Si unajisifu?"

Nikauweka gotini, nikaukata. "Hiyo imekatika. Oreru." Akanitoa leso kwenye mfuko wa koti langu la suti, leso ya hariri, akaichana mbele ya macho yangu. "Yabureru." Halafu akanyoosha kidole kwenye redio yake iliyonyamaza tangu Krismasi. "Na hii? Angalia. Haina ufa, haijakatika, haijachanika. Lakini iko inaimba?"

"Haiimbi."

"Hiyo sasa ndiyo kowareru yako. Yule mzee hawezi kuona kontena, Patron. Iko anaona maneno yako tu. Ukimwambia yote imekuwa kitu kimoja, atafikiri unapiga kelele."

Niliandika upya. Taa zimepasuka, fimbo imekatika, viti vimechanika, kompyuta imekufa. Yule mzee hakubishana nami hata kwa kimoja, ingawa wenzangu wote mjini walikuwa wakibishana na watu wao mwezi kwa mwezi. Na kontena lililofuata, kila ugonjwa ulikuja na dawa yake: taa zimevikwa mablanketi, fimbo zimefungwa pamoja na mbao, viti vimo ndani ya plastiki. Ndipo watu walipoanza kuuliza kwa nini spea za yadi yangu ni safi. Wakasema nina dawa ya kienyeji. Dawa yangu ni sahani moja na mwiko mmoja. Mwiko nilimnunulia mwingine, na redio pia. Mwiko aliupokea. Redio aliirudisha, akisema ile ya zamani angalau haidanganyi kuhusu hali ya hewa.

Msidhani alikuwa malaika wa usahihi. Umri wake aliusema kila mara kwa namna nyingine, na namna zote zilimpendeza yeye. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimkamata alikuangalia kama wewe ndiye uliyeiba. Samaki hakuwala, iwe wabichi kama wale wa Wajapani au wa kukaanga wa hapa kwetu. Vijiti vya kulia alivipamba ukutani na kula bukari na sombe, kisamvu cha kwetu, kwa mkono, kwa kelele. Na Kizulu chake! Miaka yote ile Durban, na kila kitenzi kimekaa vibaya, sokoni wanawake wa mboga wakimwona walikuwa wakiitana waje wamsikie. Nilimcheka. Akanijibu, "Kizulu ni cha kununua nyanya. Nyanya haina adabu." Lakini wale wanawake walimwekea nyanya nzuri chini ya meza, na alipougua mmoja wao alipanda mlima mpaka Berea na mfuko wa plastiki. Huyo naye alivua viatu.

Kosa langu kubwa katika Kijapani alilirekebisha yeye, na nalisema kwa majivuno kwa sababu sikulirudia. Mzee wa Japani aliniuliza kwenye simu, nitakuja lini kumtembelea. Nami, kwa kuwa sikujua, nikajibu haraka, shirimasen. Mzee akaaga upesi, akakata simu. Nilipomsimulia Mama Mwalimu alishika kichwa.

"Amekuuliza utakuja lini, wewe umejibu sijui, na kwa sauti ya usinipe kazi. Umemufungia mlango kwa pua! Ungesema wakarimasen. Bado haijanielea. Hiyo inaacha mlango wazi."

"Mama, si zote ni sijui?"

"Moja ni sijui ya polisi. Ingine ni sijui ya ndugu."

Nikampigia mzee siku ileile, nikamwomba radhi, nikasema ile ya ndugu. Akacheka. Tangu hapo ananiuliza habari za watoto wangu kwa majina.

Na kurudi. Kurudi alinifundisha kwa miguu. Alinisimamisha sebuleni, akasema, "Toka. Nenda mpaka kwenye robot ya pale chini, kisha uje." Nikashuka mlima mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, jua la Januari, nikapanda tena nikihema, nikasimama mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Nimerudi."

"Kurudi gani?"

"Mama, kurudi ni kurudi!"

"Weee." Akachukua kitabu rafuni, akakiweka mezani, akakirudisha rafuni. "Kitabu kimerudi. Modoru. Umesahau funguo, unarudi kuchukua, modoru. Gari imerudi gereji, modoru. Ni kurudi mahali ulikuwa. Hata jiwe inaweza. Lakini iko kurudi ingine, kaeru. Ile ni ya kwenda kwenye ni kwako. Ukifika, safari imekwisha. Sasa wewe hapo mlangoni uko na viatu?"

"Niko navyo."

"Basi umefanya modoru. Mtu akifika kwake anavua."

Nilidhani ni somo kama mengine. Halafu zikaja zile wiki za maandamano, watu wakipita katikati ya mji na mabango wakisema wageni waende kwao, sisi tunateremsha shata saa tano asubuhi. Mama Mwalimu hakukaa ndani. Alikwenda sokoni na mwavuli wake, nami nikimfuata nimebeba mfuko, maana mke wangu alinitishia nisipomfuata. Kijana mmoja akasimama mbele yake, akamwambia kwa Kizulu arudi alikotoka. Mimi nilikwisha kukunja ngumi. Yeye akamtazama kijana kwa utulivu, kama alivyokuwa akinitazama mimi na vitenzi vyangu, akamuuliza kwa kile Kizulu chake kibovu, "Kurudi gani?"

Kijana hakuelewa. Akarudia. Na yeye akarudia. Watu wakaanza kusimama. Yule mama hakusogea. Alikuwa anangoja jibu kweli, kama mwalimu anayengoja jibu, na angengoja mpaka kiama. Kijana akakuna kichwa. "Eish, gogo," akasema, akatupisha. Bibi yule akapita katikati ya njia, na mimi nyuma yake na nyanya.

Tulipofika mbali nikamwambia, "Mama, siku moja watakupiga."

"Wanipige. Lakini wachague kitenzi."

Sasa nifike pale mnapopataka.

Mtoto wa dada yake alikuwa na duka la simu mjini, kijana mzuri, wa kanisa. Alipata karatasi za kwenda Canada na mke wake. Mama Mwalimu hakuwemo kwenye zile karatasi. Kijana akaogopa kumwacha mzee peke yake kwenye mji wa mabango, na mimi sikumwona mbaya kwa hilo. Akakaa na wazee wa kanisa, wakakubaliana arudishwe Lubumbashi kwa basi. Lakini Lubumbashi kwa nani? Nyumba yao iliuzwa zamani, dada zake wote wako makaburini, amebaki binti wa binamu ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso. Wakamwambia uamuzi, na yeye hakusema ndiyo wala hapana. Watu waliofurahi walisema amekubali. Mimi niliyemjua nilipaswa kujua kwamba mwanamke yule akinyamaza, anachagua.

Kijana akanipigia. "Patron, gari yako ni kubwa, na mama mukubwa anakusikia. Utusindikize mpaka kituo cha basi."

Nikasema sawa. Mambo ya familia ni ya familia. Hata mimi na mdomo wangu siingii kati ya mtu na damu yake.

Ilikuwa Jumamosi mchana, saa zetu za darasa. Wanawake wa kanisa waliimba kwenye ngazi, wakashusha mabegi. Wote walikuwa na viatu. Hawakuingia sebuleni, walisema hawakai. Yeye akatoka amevaa viatu vipya vyeusi vya kamba alivyonunuliwa na kijana kwa ajili ya safari. Alitembea navyo kama mtu anayetembea kwenye changarawe. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka, na pale mlangoni nikaziona: ndala zake, kisigino kimoja kimeliwa, zinatazama ndani. Nikazifungia mlango. Nikashuka ngazi.

Tulikuwa tumefika kwenye robot, ileile ya somo, nyekundu. Kijana yuko mbele kando yangu, mama nyuma, mikono juu ya mwavuli. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Hapo akasema, kwa Kijapani, kwangu mimi, na kwa adabu ambayo hakuwahi kunipa darasani, "Modotte kudasai."

Kijana akageuka. "Anasema nini?"

Robot ikawa kijani. Nikapinda kulia, nikapinda tena, uso wa gari ukatazama mlima.

"Patron! Unaenda wapi? Basi itatuacha!"

"Mama anaomba turudi. Amesahau kitu."

"Umesahau nini, mama mukubwa?"

"Ndala."

"Ndala? Nitakununulia zingine njiani, za ngozi, mama, tafazali! Patron, simamisha!"

"Kijana," nikamwambia, "gari ni yangu, injini ni yangu, nimeiweka kwa mikono hii. Tangu siku ya somo lake sijakosea neno hili, na leo sianzi."

Wanawake wa kanisa walikuwa bado kwenye ngazi wakigawana soda. Wakatupisha. Yeye mbele, mwavuli ukigonga kila ngazi, kijana nyuma yake akilalamika kwa sauti iliyokuwa inaanza kulia, mimi nyuma na funguo. Nikafungua. Ndala zilikuwa pale. Sote tukangoja azichukue.

Hakuzichukua. Aliegemea ukuta, akafungua kamba za viatu vipya, kimoja, cha pili. Akavivua. Akavigeuza kwa ncha ya mwavuli mpaka vikatazama mlango, kama vya mgeni. Halafu akaingia kwa miguu mitupu, akasimama katikati ya sebule, mgongo umenyooka, na kwa sauti ya msichana wa kofia ya chuma akasema lile neno ambalo Wajapani husema wakifika nyumbani kwao, "Tadaima!"

Neno lile lina mwenzake. Aliyeko ndani hujibu, kwa neno linalotoka kwenye kaeru. Na ndani hamkuwa na mtu, kochi tu na redio bubu. Nilimwona anangoja, vilevile kama alivyongoja jibu la kijana wa sokoni, na nikajua kwamba atasimama pale mpaka kiama.

Nikavua viatu vyangu kwa kuvipiga teke, nikampita mbio na soksi zangu mpaka mwisho wa sebule ili niwe mtu wa ndani, nikageuka, nikajibu kwa nguvu zangu zote, mpaka wanawake wakasikia huko kwenye ngazi, "Okaeri!"

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama mtoto wa dada yake, aliyesimama kizingitini na machozi na saa ya mkononi.

"Na wewe, papa? Unaingia ao unapita? Upepo iko inaingia."

Kijana akaangalia saa. Akainama, akaanza kufungua kamba.

Mama Mwalimu akatembea mpaka mlangoni kufunga, na hapo akaviona viatu vyangu. Vilikuwa vimeanguka ovyo, ncha zinatazama ndani, kando ya ndala zake. Nikaona anainua mwavuli. Ukakaa hewani kidogo. Halafu akautundika kwenye msumari wake, akaniambia niweke maji ya chai, na viatu vyangu akaviacha vilivyo.